Magadi ya Zipora

Pale Rwamgasa, mtu akitaka dhahabu yake itenganishwe na fedha iliyochanganyika nayo, alielekezwa kwa Ndaki. Ndaki aliitia kwenye tindikali, moshi wa kahawia ukapanda, fedha ikayeyuka na dhahabu ikabaki chini. Usafi wake aliupima kwa macho tu, na hakukosea.

Mkewe, Zipora, ndiye aliyemweleza sababu. Aliishia kidato cha pili kule Mhunze, lakini sayansi haikumtoka kichwani.

"Tindikali inainyang'anya fedha elektroni zake. Dhahabu haikubali kunyang'anywa."

Ndaki alicheka. "Mama Hosiana, ulitakiwa uwe mwalimu, ukaja kunipikia mlenda."

Siku moja chupa ilimponyoka Ndaki, tindikali ikamrukia machoni. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale mlangoni. Zipora aliiruka. Ndiyo, aliiruka, maana kichwani alikuwa na jambo moja tu: asidi ikikutana na besi, makali ya zote mbili huisha, hubaki chumvi na maji. Alikimbilia jikoni, akarudi na magadi ya kulainishia mlenda, besi pekee aliyokuwa nayo, akammiminia mumewe machoni. Yakatoa povu. Ukelele wa Ndaki majirani wanausimulia hadi leo.

Hospitalini daktari alimvuta Zipora pembeni. "Ilitakiwa maji tu, mama. Maji mengi, papo hapo. Hayo magadi yameongeza moto juu ya moto." Jicho moja likafa, la pili linaona ukungu.

Maskini Zipora! Afadhali angelaumiwa. Lakini kila mgeni akija, Ndaki humsifia: "Bila huyu msomi wangu ningekuwa kipofu kabisa." Zipora huinamisha kichwa na kumimina chai. Miaka miwili sasa.

Juzi mtoto wao Hosiana alirudi kutoka shuleni na daftari lake. "Mama, nimepata yote!" Jibu moja lilisema asidi na besi hutoa chumvi na maji, na tiki nyekundu ya mwalimu pembeni. Zipora akachukua kalamu, akaongeza: na joto. Kisha machozi yakamshinda.

"Mnaandika nini?" Ndaki aliuliza kutoka kwenye mkeka, uso ameuelekeza upande usio wao.

"Kosa langu, Baba Hosiana." Akamweleza yote, ya magadi, ya daktari, ya ndoo aliyoiruka.



"Hiyo ndoo," alisema Ndaki, "ilikuwa na maji?"

"Ilikuwa imejaa."