Walipotaka Kumbadili Jina Apolinari

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati pale Kimandolu, nesi akaita, "Apolinari!" Jina la mdogo wangu. Akainuka mzee nisiyemjua, lakini mimi nilishakuwa mtoto tena, miaka ile serikali iliporuhusu biashara binafsi na kila mtu akawa mbioni.

Baba aliuza mitumba Tengeru, hatulii nyumbani. Majirani walifungua vibanda, wakahama, wakabadili hata makanisa. Chumba chetu kilinukia nguo za marobota na ndizi za kuchemsha. Mdogo wangu alipozaliwa, bibi alikuja kutoka Kilimanjaro akampa jina la marehemu babu, ndiyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza wa kiume.

Mwaka haujaisha, mtoto akashikwa homa, hanyonyi. Jirani yetu, aliyekuwa ameokoka karibuni, akaja kumwombea. Aliposikia jina akashtuka.

"Apolo ni mungu wa Wagiriki! Mmempa mtoto jina la sanamu. Mbadilini jina, atapona."

Bibi akawaka. "Jina la mume wangu ni sanamu?"

Walibishana huku mtoto akizidi kuchemka, nami nikizunguka tu kati ya jiko na kitanda. Mwishowe mama akambeba hadi parokiani, bibi nyuma yake, mimi nyuma ya bibi.

"Padre, ni kweli jina hili limetoka kwa mungu wa Wagiriki?" mama akauliza.

"Ni kweli," alisema padre. "Warumi walilichukua jina la Apolo kwa Wagiriki. Kwa Kilatini, Apolinari ni 'wa Apolo'. Watu wakaitwa hivyo kawaida tu. Halafu mmoja wao akawa askofu, akauawa kwa ajili ya Kristo akiwa na jina lake lile lile."

Akamgusa mtoto shingoni. "Huyu amepimwa malaria?"

Mama akatikisa kichwa. Padre akatupakia kwenye pikapu yake mpaka hospitali.

Mtoto alichomwa sindano, akapona. Jirani alisema ni maombi yake, bibi akasema ni babu. Mama, tangu hapo, alimwita mwanawe "Baba" tu. Lile jina hakulitamka tena.

Sasa bibi hayupo, mama hayupo, na nyumba yetu imevunjwa. Mwaka jana mdogo wangu alipata mtoto wake wa kwanza wa kiume. Nilitegemea atampa jina la baba yetu. Akampa jina alilolisikia kwenye runinga.

"Dada," aliniambia, "sitaki mtu aje kumuuliza mwanangu jina lake limetoka wapi."

Nikampakata yule mtoto, nikajaribu kumwita. Nikajikuta namwita "Baba" tu, kama mama alivyofanya.