Viti Tisa vya Daphrose Mukankusi

Daphrose Mukankusi ana karakana ya baiskeli Kimisagara, hapa Kigali, chini bondeni, mlango wa tatu kutoka kwa mshona mikoba. Ana miaka hamsini na saba. Vidole gumba vyake vimepinda kwa nje kwa sababu alianza kukaza spoku akiwa mtoto huko Karagwe, ambako baba yake alikuwa fundi na hakuwa na mwana wa kiume wa kumwachia nyundo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hufunga karakana saa nane mchana, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha anakwenda kwenye kazi yake ya pili: kutunza stoo ya Twese Uwanjani, yaani Sote Uwanjani, shirika la hisani linalowanunulia watu wenye ulemavu vifaa vya michezo nchi nzima.

Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyotukutanisha. Mwaka jana wafadhili walitaka shirika likaguliwe fedha na mali, wajue kama linayoyasema ndiyo linayoyafanya. Mkaguzi alikuwa Madamu Mugeni, mhasibu aliyesomea Kampala, mtu asiyekunywa hata chai ya anayemkagua. Mimi nilikuwa karani wake. Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa, aliyekisema, na saa.

Siku ya nne tulifika kwenye viti. Leja ilionyesha viti arobaini vya magurudumu, vile vya kuchezea mpira wa kikapu, vilivyonunuliwa miaka sita nyuma. Orodha za timu zilionyesha viti thelathini na kimoja. Fomu ya stoo ilikuwa na safu tatu: kizima, kibovu, kimetupwa. Kwenye viti tisa Daphrose hakuweka alama popote.

"Mama, viti tisa viko wapi?" Madamu Mugeni aliuliza.

"Vipo."

"Vipo wapi?"

"Vinacheza."

Nikaandika: Vinacheza. Madamu Mugeni akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Daphrose akaeleza bila kupandisha sauti. Fremu za viti tisa zilipasuka, moja baada ya nyingine, mahali zilipochomelewa. Kila kimoja alikifungua, na vipuri vyake akavifunga kwenye viti vingine vilipoharibika.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Madamu, gurudumu linavunjika Alhamisi, mechi ni Jumamosi. Ruhusa ningeiomba lini?"

"Na fomu?"

"Fomu ina vyumba vitatu. Hiki kiti si kizima, si kibovu, na sijakitupa. Ningeandika wapi?"

"Ripoti yangu inatoka Jumatatu," Madamu Mugeni alisema. "Nisipoviona viti tisa, nitaandika vimepotea mikononi mwa mtunza stoo. Ikishaandikwa hivyo, si mimi tena nitakayekuuliza."

"Ni polisi."

"Ndiyo, ni polisi."

Daphrose aliangalia mikono yake. "Hata polisi wakiniachia," alisema, "Kimisagara nzima nani ataacha baiskeli yake kwa fundi aliyeiba viti vya watu wasio na miguu?" Kisha akatuomba tusubiri Jumamosi. Timu zote zingekuja Kigali kwa mashindano, na viti vyote thelathini na kimoja vingekuwa chini ya paa moja.

Mchana ule ule, ofisini, Madamu Mugeni alikuwa akipitia vitabu vya matumizi. Akasimamisha kalamu.

"Laurean, hapa kwenye vipuri. Mwaka wa kwanza sifuri. Wa pili sifuri. Miaka sita yote sifuri. Viti vinavyogongana kila wiki, havijanunuliwa hata beringi moja?"

Nilidhani amegundua wizi mwingine. Naye nadhani ndivyo alivyofikiri, kwa dakika kama mbili. Kisha akaichukua karatasi ya viti tisa na kuiweka pembeni ya ile ya sifuri sita. Aliniambia tu Jumamosi nivae viatu vya kutembelea.

Jumamosi saa tatu asubuhi wachezaji walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ukumbini, na viti vyao vimelazwa chali sakafuni, magurudumu juu. Walikuwa wamekasirika kidogo. Manzi, nahodha wa timu ya Kanombe, aliyepoteza mguu kwa ajali ya pikipiki, alimpigia kelele Daphrose kwa jina la mwanawe.

"Mama Shyaka! Mguu wa kwanza ulichukuliwa na pikipiki. Huu wa pili nao mnaukagua?"

"Nyamaza wewe. Huo nimekukazia mara nne na hujawahi kusema asante."

"Nilisema!"

"Ulisema bado unalia."

Benchi zima likacheka.

Daphrose alipiga magoti kwenye kiti cha Manzi, akapangusa kitovu cha gurudumu la kulia kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Pale chini ya uchafu kulikuwa na namba imegongwa kwenye chuma: 14. Akahamia kwenye kikanyagio: 31. Gurudumu dogo la mbele: 9. Kila kitu alichowahi kukitoa kwenye kiti kimoja na kukitia kwenye kingine kilikuwa na namba ya kiti kilikotoka.

"Kwa nini hukuandika kwenye daftari?" nilimuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza swali tangu ukaguzi uanze.

"Niliandika. Mwaka wa kwanza mto ulipanda, maji yakaingia karakana hadi hapa," akagusa nyonga. "Daftari likawa uji. Baba yangu aliniachia nyundo na namba za chuma. Yeye aligonga kila kipuri cha mteja, mtu asije kusema gurudumu langu umempa jirani. Nikaona bora nirudi kwa baba."

Nimeandika kumbukumbu za mikutano miaka ishirini na mbili. Nina makabati mawili ya madaftari nyumbani Busanza, na nilidhani najua maana ya kutunza kumbukumbu. Pale nilipiga magoti pembeni ya mwanamke huyu nikaanza kuandika namba alizozisoma.

Kutoka kila kiti kati ya vile tisa tulitafuta vitu saba: magurudumu makubwa mawili, madogo matatu, kikanyagio, na turubai la kukalia, ambalo namba yake ilikuwa kwenye pete ya chuma. Jumla, vitu sitini na vitatu. Vipande vya fremu vyenye namba za kiwandani alikuja navyo mwenyewe, vyote tisa, vimetungwa kwenye waya kama samaki. Vipuri vilivyochakaa kabisa vilikuwa kwenye gunia, navyo vina namba.

Kufikia saa sita kiti namba 14 kilikuwa kimerudi kwenye karatasi yangu, chote. Gurudumu la kulia lilikuwa Kanombe. La kushoto lilikuwa Rubavu. Kikanyagio kilikuwa Huye, turubai Nyagatare. Kiti kimoja kilikuwa kinacheza katika timu nne kwa wakati mmoja. Madamu Mugeni alikuja kusimama nyuma yangu, akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Mana yanjye," alisema polepole kwa Kinyarwanda, Mungu wangu.

Wachezaji wakaanza kuitana. "Wewe, una mguu wa kumi na nne? Mimi nina mwenzake!" Msichana wa Huye alitambaa hadi kwenye kiti cha Manzi kuligusa gurudumu.

Saa nane tulifika mwisho. Sitini na viwili.

Tulipangusa upya kila kitovu. Gurudumu dogo moja la kiti namba 22 halikuwepo kwenye viti wala kwenye gunia.

"Mama, yatosha," Madamu Mugeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Viti tisa nimeviona. Gurudumu kama kiganja cha mkono, silihesabu. Laurean, andika vyote vimeonekana."

"Usiandike," Daphrose akasema.

Kalamu yangu ikabaki hewani.

"Madamu, jana ningeitwa mwizi kwa sababu fomu haikuwa na chumba cha ukweli. Leo mnataka niseme vyote wakati si vyote? Ukilificha hilo moja, hivi sitini na viwili nani ataviamini? Andika: gurudumu dogo, kiti ishirini na mbili, limepotea, mtunza stoo ni Daphrose Mukankusi."

Manzi akapaza sauti kutoka benchi: "Mama Shyaka, watakufunga kwa gurudumu la toroli!"

"Wanifunge. Utajikazia mwenyewe."

Madamu Mugeni alinitazama, akatikisa kichwa kukubali. Niliandika kama alivyosema.

Ripoti ilitoka Jumatatu, kurasa arobaini na moja. Ukurasa wa kumi na tisa unasema viti vyote tisa vimepatikana ndani ya viti thelathini na kimoja, na kwamba shirika liweke fungu la vipuri na safu ya nne kwenye fomu: kimegawanywa. Mstari unaofuata ni wa gurudumu. Wafadhili waliuliza maswali mengi juu ya mishahara na safari. Juu ya viti waliuliza moja tu, kama wanaweza kumwona huyo fundi.

Nilimpelekea nakala karakana. Aliniomba nimsomee mstari wa gurudumu, nikausoma, akaniomba niurudie. Kisha akaikunja karatasi akaiweka juu ya rafu, mahali maji hayakufika mwaka ule.

Siku hizi napita pale mara kwa mara. Kiti kinapoletwa, kabla hajauliza kina tatizo gani, Daphrose huinama kwanza, anachukua kitambaa, anapangusa magurudumu madogo, anasoma namba.