Mwano Niliopiga Angani

Gharama ya mambo yote, kwa jumla: meli nne, likizo moja nzima ya mwezi wa sita, na kaka mmoja ambaye hakunisemesha tangu pamba inavunwa mpaka mvua za kwanza. Nimehesabu mara mbili na jibu halijabadilika. Hata sasa nikisikia harufu ya kompyuta iliyopata moto, ile inayokaribiana na pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, moyo unaanza kwenda mbio kabla sijajua kwa nini. Ndivyo kilivyonukia chumba cha kompyuta cha Mzee Salumu pale Somanda: mashine sita, feni moja iliyozunguka kwa kulazimishwa, na nje bodaboda zikigombea abiria wanaotoka hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Naitwa Shija, yaani niliyezaliwa nyuma ya mapacha, na mapacha wenyewe, Kulwa na Doto, walikuwa wamenizidi miaka mitatu, jambo walilonikumbusha kila siku nisije nikasahau.

Mchezo wetu ulikuwa wa meli za angani. Watu wa dunia nzima wanaingia humo kwa pamoja. Wengine wanachimba madini kwenye miamba inayoelea, wengine kazi yao ni kuwavizia wachimbaji na kuwalipua. Meli ikilipuliwa imekwenda, hakuna kurudishiwa. Doto alichimba pamoja na Limi, binti wa jirani yetu fundi cherehani, na wote wawili walimpakia madini Kulwa, aliyeendesha meli kubwa ya mizigo isiyo na hata bunduki moja. Mimi nilikaa langoni, mahali pekee wageni walipoingilia eneo letu, ndani ya kijimeli ambacho hata mwizi angekionea huruma. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha ya majina pembeni mwa kioo. Nahesabu, nahesabu tena, na jina geni likitokea nasema "Mgeni," tena kwa sauti ya kawaida, na wote wanakimbilia kituoni ambako huwezi kupigwa. Wiki tatu hatukupoteza hata msumari. Ni mimi pia niliyepatana na Mzee Salumu kwamba umeme ukikatika, dakika zetu zirudi. "Wewe mtoto," aliniambia, "siku moja utaniuzia kiti changu mwenyewe."

Ijumaa ya mwisho ya likizo meli ya Kulwa ilikuwa imejaa mpaka juu. Jumatatu alikuwa anakwenda shule ya bweni Maswa, na mzigo ule ndio alioupanga tuubadilishe kituoni kwa meli ya ulinzi, ili sisi watatu tusiliwe yeye akiwa hayupo. Hakusema kwamba ni zawadi. Kulwa hakuwa mtu wa kusema hivyo. Alisema tu, "Tukifika salama, mtaacha kunitegemea."

Hapa msomaji asiye wa kwetu inabidi nimweleze kitu. Kwa babu yetu kule Sola, ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa hupigwa mwano, yaani yowe la kuitana, na kila anayelisikia anatoka na chochote alichoshika. Asiyetoka, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamtoza faini, na baada ya faini watu hawamwamkii vizuri. Tumekua hivyo. Ukisikia mwano, miguu inaelekea huko kabla hujaiamuru.

Nikahesabu majina: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na nne. Kule kurudia hesabu ndiko kulikonimaliza, maana meli tatu nyeusi zilikuwa tayari zimeninasa kwa mtambo unaomzuia mtu asiondoke. Neno "mgeni" lilikuwepo mdomoni, lakini koo likatoa kitu kingine kabisa. Nilipiga mwano, mrefu, kama wa shangazi yangu siku fisi alipoingia zizini.

"Shikilia, Shija!" Kulwa akajibu. "Tunakuja!"

"Nageuza!" Limi akapaza sauti.

Hata Mzee Salumu alisimama na ufagio. "Yuko wapi? Kaingilia wapi?"

Nikatazama kioo. Meli yangu ilikuwa imebakiwa na theluthi ya uhai, na wale watu walikuwa wameacha kupiga. Risasi moja ingetosha. Hawakuipiga. Walinizunguka tu, taratibu, na ndipo nikaelewa: walikuwa wananiweka hai makusudi, wanangoja wenye kitu.

"Msije!" nikasema. "Kaka, nenda kituoni! Msije!"

"Nyamaza wewe, tumekaribia."

Walifika wote watatu, wachimbaji wawili na gari la mizigo la angani, kupambana na meli za vita. Sikumbuki kama ilichukua dakika moja. Kulwa alilipuliwa wa kwanza, akafuata Doto, akafuata Limi, na mimi nikamaliziwa mwisho, kama anayezima taa akitoka.

Njiani kurudi Doto alisema, "Ungekufa kimya, tungebaki na tatu." Nilikubaliana naye; hesabu ilikuwa sahihi. Kulwa alitembea mbele. Tulipofika mlangoni ndipo aliponigeukia. "Mtu akipigwa, anaita. Wewe ulituambia tusije. Ulituona sisi ni watu gani?" Akaingia ndani, na Jumatatu akapanda basi bila kuniaga.

Leo nina simu inayoshinda mashine zote sita za Mzee Salumu, na mchezo bado upo. Nacheza peke yangu. Orodha naitazama mara moja tu, jina geni likitokea naondoka, wala sijapigwa tena tangu mwaka ule. Sijaitwa popote pia. Juzi Kulwa, ambaye sasa anafanya kazi stesheni ya Malampaka, kaniandikia: yeye, Doto na Limi wamenunua meli, wanataka mtu wa langoni. Sharti ni moja, nikishikwa niite. Najua wakiitwa watakuja, na najua wakija watakwisha. Siku ya tatu hii sijajibu. Nyinyi mliokwisha kukimbilia yowe la mtu, na nyinyi mliowahi kubaki ndani mmefunga mlango, nishaurini: nimwandikie nini kaka yangu?