Siku Bodi ya Ardhi Iliponiuliza

Mimi si mtu wa kusahau, na sioni kwa nini nianze uzeeni. Watu wa hapa Rangwe huniambia, "Mwalimu, yaliyopita si ndwele, shule si imesimama?" Imesimama, ndiyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi najua nani aliunda na nani alikuja tu kukalia kiti. Kwa hiyo wacha niseme.

Nilifundisha shule za msingi za serikali miaka thelathini na mmoja, huku ambako Waislamu tunahesabika kwa vidole. Mimi ni wa Kendu Bay, ambako Uislamu ni wa tangu mababu, lakini niliolewa huku, katika boma ambalo nusu ni Waislamu na nusu ni Wasabato. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa msikiti. Mdogo wake, shemeji yangu, ni mzee wa kanisa na fundi wa mawe. Tumekula pamoja miaka yote hiyo, Idi kwetu na Sabato kwao, na hakuna aliyevimba tumbo.

Mjukuu wangu naishi naye mimi, maana wazazi wake wanafanya kazi Migori. Alipofika darasa la tatu alikuwa anasoma shule iliyo karibu, ambayo mfadhili wake ni kanisa. Sheria ya getini ilikuwa fupi: kitambaa cha kichwa kinavuliwa. Mtoto alikuwa anakivua kila asubuhi, anakikunja na kukiweka chini ya vitabu, halafu jioni anakivaa tena kabla hajafika nyumbani ili nisijue. Nilijua siku nilipomuona kwa mbali akijifunga njiani, amegeukia ua wa watu. Nilipomuuliza akasema, "Dani," ndivyo anavyoniita bibi yake kwa Kijaluo, "kwani si wote tunavua?" Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, tukazungumza kistaarabu, akanipa chai. Sheria ikabaki pale pale. Na wale wasichana wetu wakubwa kidogo, wa darasa la saba na la nane, hawakuwa wanazungumza na mtu. Walikuwa wanaacha shule tu, na mwaka unaofuata unaalikwa harusi.

Ndipo Ijumaa moja baada ya sala nikasimama upande wa wanawake nikasema nina ploti kando ya barabara, imeandikwa kwa jina langu tangu mume wangu alipofariki, na naitoa kwa ajili ya shule. Nilisemea nyuma ya pazia, lakini sauti iliyozoea darasa la watoto sabini haizuiwi na pazia. Nikasema sharti langu ni moja: wavulana na wasichana, wote, tangu siku ya kwanza. Wanaume wakaitikia takbiri hadi mabati yakalia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu kwamba mwaka ujao atakaa darasani na kitambaa chake kichwani. Hilo neno nililitoa mimi kwa mdomo wangu, na mtoto alilishika.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mtu wa kanzu nyeupe sana. Mimi wakanifanya katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ramani ilikuwa na vyumba vitatu: viwili vya wavulana na kimoja cha wasichana. Hesabu hiyo sikuipenda, nikaimeza.

Kazi ya mawe alipewa shemeji, maana katika Waislamu wote wa hapa hakuna hata mmoja anayeweza kusimamisha ukuta ukanyooka. Ujenzi wetu ulikuwa na kichekesho chake. Ijumaa kamati ilikataza kazi. Jumamosi shemeji hagusi mwiko, ni Sabato. Jumapili wale vijana wa kuchanganya simiti, Wakatoliki, wako misa. Tukawa tunajenga siku nne kwa wiki, na siku tatu jengo linapumzika kwa niaba ya dini zote. Lakini kuta zilipanda. Shemeji alijenga vyumba vitatu na vyoo viwili, na mlango wa choo kimoja akaandika kwa rangi nyekundu, WASICHANA. Hakuna aliyemtuma. Aliona ni jambo la kawaida.

Tulipofika kwenye bati, mwenyekiti akaniletea karatasi nyumbani. "Mwalimu, hebu tuangalizie Kiswahili hapa, ni tangazo la kuandikisha wanafunzi." Nikavaa miwani, nikachukua kalamu yangu nyekundu kama mjinga. Tangazo lilisema shule itapokea wavulana wa darasa la kwanza hadi la nne.

Nikamuuliza, "Wasichana wako wapi?"

"Wasichana ni awamu ya pili, Mwalimu. Inshallah."

Mimi awamu ya pili naijua. Pahali pa wanawake pa kutawadhia, pale msikitini, ni awamu ya pili mwaka wa kumi na moja sasa. Tunatoka na maji ya chupa nyumbani. Nikamuuliza kile chumba cha tatu kimekwenda wapi. Akasema kamati imeona kwanza ipatikane ofisi, wageni wakija wasikalishwe nje. Jioni nilikwenda kuangalia. Chumba cha wasichana kilikuwa kimewekwa vigae sakafuni, pazia, na viti vya sofa viwili bado viko na nailoni yake. Wavulana walikuwa wamewekewa simiti tupu. Nilisimama mlangoni. Mwanamke anatoa ardhi ya mumewe, wanaume wanaketi juu yake kwenye sofa.

Kwenye mkutano nilisema. Mmoja akaniambia nisiwe na haraka, haraka haraka haina baraka. Mwingine, na huyu namtazama hadi leo tukikutana sokoni, akasema, "Wewe si ni mwalimu? Huyo mjukuu mfundishie jikoni." Wakacheka. Na wote walikuwa wanasomesha watoto wao kwenye akademi za kulipia huko mjini Homa Bay. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaingojea shule ile kwa shida. Mwenyekiti akauliza kama kuna lingine. Nikanyamaza, nikafunga kitabu cha kumbukumbu.

Wakadhani nimekubali. Dini yetu inasema kimya cha bikira anapoposwa ni idhini yake, na hilo sina ubishi nalo. Lakini mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili na hakuna aliyekuwa ananiposa.

Hawa watu, kwa kiherehere chao, walikuwa wamejenga kabla ardhi haijahamishwa. Ndivyo tunavyofanya huku: mtu akishasema "nimetoa", kesho mawe yanamwagwa, karatasi zitajijua. Na ikiwa mwenyewe ni mama mjane aliyekuja kuolewa, ndiyo kabisa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini shamba la huku halihami mikononi mpaka Bodi ya Ardhi ikae na kutoa idhini, na bodi haiulizi kamati. Inamuuliza mwenye ardhi, ana kwa ana, na watu wa nyumba yake wakiwepo, kwa sababu miaka ya nyuma wanaume walikuwa wanauza shamba na mke anapata habari kutoka kwa mnunuzi.

Siku ya bodi kamati ilikuja na gari mbili. Mwanangu alikuwa amesafiri kutoka Migori, na shemeji alikuja kama mzee wa boma, ametoa suti ya kanisani. Mwenyekiti alikuwa amenunua soda kabisa. Jina langu likasomwa, nikasimama.

Afisa akaniuliza, "Mama, hii ardhi ni yako?"

"Ni yangu."

"Unaitoa kwa shule kwa hiari yako, hakuna mtu amekulazimisha?"

"Nilikuwa naitoa."

Akainua macho kwenye faili. "Ulikuwa? Sasa je?"

Nikasema nilitoa ardhi kwa shule ya wavulana na wasichana, na iliyojengwa si hiyo, kwa hivyo sikubali. Nilisema polepole, jinsi nilivyokuwa nasoma imla, ili karani aandike yote.

Mwenyekiti akasimama akicheka kidogo. "Mheshimiwa, Mwalimu anatutania. Jengo tayari liko na bati."

"Basi mmejenga kwa shamba ya mama," afisa akasema. "Bila yeye kukubali hakuna kitu hapa. Faili ingine."

Msikitini nikaanza kusikia kwamba nimezuia dini, kwamba nimelishwa maneno na Wasabato, kwamba nitaulizwa kaburini. Nikasema nitajibu nikiulizwa, na wao wajiandae kuulizwa habari za sofa. Usiku sikuwa nalala vizuri, sitaficha. Mtoto alikuwa bado anakwenda shule ile ile na kukivua kitambaa getini, na mimi ndiye niliyemuahidi.

Mwenyekiti hakuja kwangu. Alikwenda kwa shemeji, kwa sababu mambo ya ardhi ya boma kwa desturi hupitia kwa mwanamume wa boma, akitumaini huyo atanibana. Shemeji akanitumia mtu akaniita nije nisikie mwenyewe. Mwenyekiti alieleza kwa heshima zote, akamwita mzee, akasema wanawake wanahitaji kuongozwa.

Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi dini yenu sijui. Mimi nilijenga vyoo mbili. Moja nimeandika wasichana. Sasa niambie, hiyo nilijengea nani?"

Mwenyekiti alikuwa amepanda mchongoma, na kushuka ndio ngoma. Alitazama chini, akasema watatafakari. Nikamwambia atafakari akijua hili: wasichana waingie kwanza, ndipo nitie sahihi, na si kinyume.

Wiki ya kufungua shule sofa zilitoka. Nilizitazama zikipakiwa kwenye mkokoteni na sikujisikia vibaya hata kidogo. Asubuhi ya kwanza nilikaa mlangoni mwa kile chumba cha vigae na kitabu cha kuandikisha, maana mwalimu wa wasichana hawakuwa wametafuta, na nikasema basi ni mimi. Wakaja kumi na wanne. Mjukuu wangu alikuwa ameshaingia zamani, amechagua dawati la mbele, mgongo wima, kitambaa kimefungwa kwa pini mbili.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mwenyekiti, ameshika mkono wa binti yake. Mtoto wa miaka tisa au kumi, bado amevaa sweta ya akademi. Mwenyekiti akanisalimu, nikaitikia, salamu ni haki ya kila mtu. Akaniuliza kama nafasi ipo. Nikafungua kitabu nianze kuandika.

Yule mtoto akanitazama, akagusa kitambaa chake kichwani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hapa nitabaki nacho hadi jioni?"

Nikamwambia atabaki nacho, aingie akae. Akaingia mbio. Nikamgeukia baba yake. Alikuwa anatazama viatu vyake, na hakuonekana mtu aliyeshangazwa na lile swali. Alijua kwamba kule akademi naye alikuwa anavuliwa. Siku zote zile za ofisi na vigae na awamu ya pili, alikuwa anajua, kwa mtoto wake mwenyewe. Hasira niliyodhani imeniisha ikarudi yote, na hadi leo iko.