Kifilimbi cha Kimya

Spika haitoki mikononi mwa fundi yule mpaka bintiye aisikilize. Kila akitoka shuleni, msichana hutupa mkoba juu ya benchi, hupiga magoti na kubandika sikio kwenye wavu wa spika kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, kisha hunyoosha kidole: ongeza. Baba huongeza. Kidole tena: ongeza. Bati hutetemeka, bisibisi hucheza mezani, muuza viatu wa jirani hugonga ukuta kwa ngumi, na yeye amefumba macho tu. "Inakwaruza kwa ndani, baba." Na kweli hukutwa inakwaruza. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" fundi hujigamba kwa wateja, vikinga masikio vyake vinene, avaavyo akikata mbao za maboksi ya spika, vikimning'inia shingoni.

Jana umeme ulikatika ghafla, mtaa mzima ukanyamaza.

"Afadhali tupumue," fundi alisema.

Msichana akacheka. "Tungepumua, kama si hiki kifilimbi."

"Kifilimbi kipi?"

"Si hiki kinacholia kelele zikiisha. Kwani kwako, baba, kimya hakilii?"

Fundi alisimama, akatega sikio. Hakusikia kitu. Akaitazama spika, kisha sikio la bintiye. Akavua vile vikinga shingoni, akamvalisha harakaharaka, akavikandamiza kwa viganja vyote viwili.

Msichana alimtazama, akatabasamu ili kumridhisha.

"Sasa ndiyo kinalia zaidi, baba."