Jumamosi za Fundi Alfonsi

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kuinunua kichwani, nimekwisha kuiendesha hadi Mafinga na kurudi mara tatu, na kila kona watu wananigeukia. Ukweli ni kwamba ilikuwa bado imesimama kwenye karakana ya misheni, matairi yamekaa chini, vumbi limeifunika hata usingejua kwamba ni nyekundu. Paroko alikuwa amenipa hadi Jumapili, baada ya misa ya pili, nimpe jibu.

Ni pikipiki ya Kiitaliano. Aliileta padre mzee aliyeijenga karakana ile, zamani, mimi nikiwa bado natembea peku. Silinda zake mbili zimetokeza ubavuni, moja kila upande, kama viwiko vya mtu aliyejishika kiuno. Ukiiwasha inatikisika kidogo kuelekea kulia, kisha inatulia na kuunguruma kwa sauti nzito, ya taratibu. Nina miaka arobaini na saba, nina gereji yangu kando ya barabara, kutwa nzima natengeneza bodaboda za watu, na bado nikiikumbuka sauti ile mwili unanisisimka. Sioni aibu kusema. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha chuma.

Aliyenifundisha ufundi ni Fundi Alfonsi. Padre aliporudi kwao Italia na kufia huko, pikipiki ilibaki, na Fundi akaendelea kuihudumia kana kwamba mwenyewe amekwenda dukani mara moja. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliitoa nje. Alikaza nati moja moja, akapima mwanya wa valvu kwa kipande chembamba cha chuma, akasawazisha kabureta mbili mpaka zivute hewa sawa. Kisha aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Akiridhika anazima na kuirudisha ndani. Hakuipanda hata siku moja. Nilimtania sana, nikamwambia anaogesha maiti.

"Maiti haiwaki," alinijibu, akaendelea kufuta.

Alipokuwa amelazwa, kifua kimemkaba, hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati, alinishika mkono akaniomba jambo moja tu. Niwe naiwasha kila Jumamosi. Nikamwahidi mbele ya mkewe, Mama Koleta. Ufunguo wa karakana ulikuwa nyumbani kwake, kwenye msumari nyuma ya mlango, na sisi wote tuliofanya kazi pale tulijua hivyo, maana ukienda kuuchukua Mama Koleta hakuachii mpaka umekaa ukanywa uji.

Tukamzika. Jumamosi ya kwanza nilikuwa na injini ya mteja mezani. Ya pili ilinyesha. Ya tatu sikumbuki hata nilijipa sababu gani. Miaka miwili ikapita namna hiyo, na kufikia mwisho wake nilikuwa nimezoea kuzunguka kwa njia ya juu, ile yenye mawe, ili nisipite mbele ya nyumba yao. Binti yao Koleta ameolewa Mbeya, kwa hiyo mama yule alibaki peke yake, na hilo nalo nililijua. Siku chache kabla ya usiku ule paroko mpya, ambaye anataka kuigeuza karakana kuwa ukumbi na kuiuza pikipiki, alikata kufuli kwa msumeno kwa sababu hakumpata mtu wa kumwambia ufunguo uko wapi. Mimi ndiye niliyemshikia lile kufuli akate vizuri. Ufunguo sikuutaja.

Ijumaa jioni nilimweleza mke wangu habari ya pikipiki. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Nunua, Baba Neema. Lakini uniambie utaihudumia siku gani."

"Kwani mimi si fundi?"

"Fundi ndiyo. Cherehani yangu ina mwaka wa pili inasubiri mkanda. Pampu ya kisima ulisema wiki ijayo, sijui ni wiki ijayo ya mwaka gani. Wewe unapenda kitu siku kinapoingia tu."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Nikamwambia mambo ya pikipiki hayajui, nikaacha chai yangu nusu kikombe, nikaenda kulala.

Usingizi ulinichukua upesi, na mara nikawa karakanani. Si usiku tena. Ni saa nane mchana, jua limeingia mlangoni na kutandika mwanga wake sakafuni mpaka karibu na benchi la kazi. Pikipiki iko katikati, safi, nyekundu ya kuumiza macho. Ubavuni mwake amechuchumaa Fundi Alfonsi, amenipa mgongo, amevaa koti lake la buluu la kazi. Sikushtuka. Nilijua amekufa, jeneza lake nililibeba kwa bega hili la kulia, lakini kujua huko kulikuwa kumekaa mbali kidogo nami, kwenye chumba kingine.

"Shikamoo, Fundi."

Nikangoja. Hakuitikia. Upepo ulipita, karatasi ikasogea sakafuni, na marahaba haikuja. Ndipo nikaitazama mikono yake. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kuiona bila oili kwenye kucha, hata Krismasi, hata siku ya harusi ya bintiye. Sasa ilikuwa myeupe kwa usafi, kucha zimekatwa sawasawa, jinsi anavyokatwa mtu ambaye hatazihitaji tena. Hapo nikaogopa.

Ananyosha mkono nyuma bila kugeuka. Najua anachotaka, nampa spana namba kumi na tatu. Anaanza kufungua. Anatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya gunia kwa mpangilio ule ule alionifundisha, kutoka kushoto kwenda kulia ili kurudisha kusiwe na shida. Nyaya, raba za kabureta, pedi za breki, sili za mafuta. Kwa macho vyote ni vizima. Lakini kila ninachokiokota kinavunjikia kiganjani, kinakuwa unga mweusi, unga unapita katikati ya vidole.

"Hii itatoka wapi?" aliuliza.

"Italia, Fundi."

"Na hii?"

"Italia."

"Na mikono?"

Nikataka kumwonyesha mikono yangu, kwamba hii hapa, aliifundisha mwenyewe, lakini nilikuwa nimeificha nyuma na haikukubali kuja mbele.

Kisha hakuna karakana. Tupo barabarani, misonobari kushoto na kulia, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani. Fundi anaendesha, mimi nimekaa nyuma nimemshika kiunoni, na mgongo wake ni baridi kama sakafu ya saruji asubuhi. Injini haitoi sauti. Ninachosikia ni kifua chake tu, kile kifua cha wodini, kinakwaruza kikipanda na kukwaruza kikishuka. Sijui ni lini tulibadilishana, lakini sasa mimi niko mbele, usukani uko mikononi mwangu, na ile mikono safi imenishika mbavu. Nikavuta mafuta. Ikaitika. Ikaondoka chini yangu kwa nguvu laini ambayo nimeiota tangu ujana, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nimebeba mfu mgongoni, ninaogopa mpaka meno yanagongana, na bado nacheka kwa furaha.

"Simama," akaniambia sikioni.

Sikusimama. Nilijifanya sijasikia, nikaongeza.

"Gaudensi. Simama."

Nikashika breki. Mkono ukaingia wote bila kukutana na kitu, kama kushika maji. Nikabana tena, nikakanyaga ya mguu, hakuna. Pikipiki ikaendelea yenyewe, ikaiacha lami, ikashuka njia ya vumbi ambayo miaka miwili sikuikanyaga, taratibu, taratibu zaidi, mpaka ikasimama mbele ya nyumba ya Fundi.

Mama Koleta amekaa kizingitini. Amejifunga kanga ya kufulia, mikono iko magotini, anatazama njia. Anatutazama sisi, lakini macho yake yanatupita na kwenda mbali, kwenye kona ambako mtu angetokea kama angekuwa anakuja. Nikamwamkia. Hakusikia. Nikamwamkia kwa sauti kubwa zaidi, nikapunga mkono, naye akaendelea kuitazama ile kona.

Fundi hakushuka. Alitoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, akaweka ncha yake hapa, chini ya titi langu la kushoto, na mpini akauweka sikioni. Akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu, kwa makini yale yale ya Jumamosi, na mimi nikazuia pumzi kama mgonjwa mbele ya daktari.

"Imekaa bila kazi," alisema.

Nikaanza kulia. "Fundi, niinunue? Niambie tu. Safari hii nitaitunza, nakuapia."

Akafumbua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwako. Kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Fundi."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa na hasira. Alimgeukia mkewe pale kizingitini, akamwangalia kwa namna ambayo nilitamani kugeuza uso, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kukatika katikati, "Pikipiki ni chuma, ingeoza tu. Nilitaka uwe unapita hapa."

Niliamka nikiwa nimekaa. Mke wangu alikuwa ameniwekea mkono begani, akasema nilikuwa nalia kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Kumekucha, majogoo yamekwisha kuwika, ni Jumamosi. Nikamsimulia yote, hata lile la kufuli ambalo nilikuwa nimemficha.

"Vaa basi," alisema. "Uende kabla hujapata kazi ya kukuzuia."

Nilianzia kwa paroko. Nilimkuta anapiga mswaki nje ya nyumba ya mapadre, nikamwambia amtafute mnunuzi mwingine. Nilisema haraka haraka ili nisipate nafasi ya kujisikiliza. Akauliza kama tatizo ni bei. Nikamwambia bei ni ya haki kabisa, ila ile pikipiki inahitaji mtu mwenye Jumamosi, na zangu zina mwenyewe. Hakunielewa, na sikumlaumu. Nilipopita mbele ya karakana sikugeuza shingo, kwa maana naijua shingo yangu. Bado naitaka. Nikiandika haya bado naitaka, na wiki iliyofuata ilipopakiwa kwenye pikapu ya mtu wa mjini nilifunga gereji nikaenda kukaa ndani mpaka sauti ya gari ikaisha.

Kutoka kwa paroko nilishuka kwa njia ya chini. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Bati la jiko lilikuwa limeinuka upande mmoja, limekandamizwa kwa mawe, nyumbani kwa fundi. Mama Koleta alikuwa anafagia uwanja.

"Kamwene, mama," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene." Akasimamisha ufagio, akakinga jua kwa kiganja. "Ni Gaudensi? Umenenepa."

Alinitolea kigoda. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, kwamba mama nisamehe, kwamba kazi, kwamba mvua, naye akanikatiza kwa upole, huku anakusanya majani kwa mguu.

"Mzee aliniambia utakuwa unakuja Jumamosi," alisema. "Ya kwanza nilichinja kuku. Ya pili nikapika maharage. Ya tatu nikasema, huyu mwanangu ana kazi nyingi, nikapika cha mtu mmoja."

Nikavua koti, nikamwuliza nyundo iko wapi. Akanionyesha kwa kidole, uvunguni mwa kitanda, kisha akaweka ufagio chini akaenda kuwasha moto.