Sungura wa marehemu mke wangu aligoma kula nyasi, nikamshuku jirani

Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka huu nilimzika mke wangu. Aliniachia mtoto wetu Neema, ambaye hata kuongea bado, na sungura mweupe aliyempa jina la Daktari kwa sababu ya hilo koti lake.

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tarime, Nyamisangura. Nimeishia darasa la saba, mnivumilie. Sitaongeza chumvi, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Marehemu alikuwa nesi, mwenyeji wa Mpwapwa, kazi ndiyo iliyomleta huku kwetu. Kila asubuhi kabla ya kwenda zahanati alikaa kidogo na Daktari bandani. Walichokuwa wakifanya huko sikuwahi kwenda kuangalia. Najuta.

Baada ya msiba mama mkwe alibaki kumlea Neema. Wao wanalala chumbani, mimi nikahamia chumba cha uani.

Kwa wasiojua, kwetu Wakurya mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Simtazami usoni, sili naye, sembuse kumhoji. Namwamkia shikamoo nimegeukia ukutani, yeye anaitikia marahaba kutoka jikoni, tumemaliza. Likumbukeni hili.

Sasa Daktari akaanza kugoma. Nyasi anazinusa, anageuka. Matembele anayakanyaga. Kile chakula cha punje cha dukani anachagua chembe mbili tatu. Lakini tumbo limejaa, na kinyesi kimekuwa kidogo na kilaini.

Nikamwita bwana mifugo. Akamfungua mdomo, akatikisa kichwa.

"Meno yamerefuka. Sungura meno yake hayaachi kuota, nyasi ndizo zinazoyasaga. Huyu kuna kitu kitamu anapewa. Akiendelea hivi humalizi naye mwaka."

Akanieleza mlo kamili wa sungura: nyasi kavu na mbichi ndiyo sehemu kubwa, muda wote ziwepo. Majani ya mboga kiasi cha kiganja. Punje kidogo tu. Karoti ni ya kumfurahisha, siyo chakula. Na maji safi.

Nilibaki na neno moja. Anapewa. Na nani?

Jirani yangu, Baba Ghati, tumepakana ua. Tangu zamani akimwona Daktari anauliza, "Huyo daktari wenu anaingia lini sufuriani?" Marehemu alikuwa anacheka. Mimi baada ya msiba sikucheka tena. Nikasema huyu anamnenepesha.

Asubuhi moja nikakuta kipande cha mkate bandani. Nikaenda moja kwa moja kwake.

"Jirani, unampa nini sungura wangu?"

"Mimi? Mkate wanangu hawaushibi, nimpe sungura? Umechanganyikiwa, fundi. Pole, lakini umechanganyikiwa."

Nikamwambia asikanyage kwangu. Tukaacha kusalimiana.

Mkate haukukoma. Jioni moja nikamwaga majivu kuzunguka banda. Kulipokucha nikakuta alama za ndala, na ya kushoto imeliwa kisiginoni.

Wakuu, nilikaa chini. Ndala ile ilitafunwa na panya mwaka jana. Ni za mke wangu, na nilizifungia mwenyewe kwenye kapu chumbani.

Sidanganyi, nilifikiria mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku hiyo sikuweza hata kuziba pancha.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikajibanza nyuma ya choo. Akatoka mama mkwe, khanga begani, ndala za mwanawe miguuni. Akachuchumaa, akamega mkate.

"Kula. Aliniambia kwenye simu, kila asubuhi mnagawana. Kula basi."

Nikarudi chumba cha uani taratibu, asinione.

Sasa nifanyeje? Kumwambia siwezi. Kunyamaza, Daktari anakufa, na ndiye kiumbe ambaye marehemu alikaa naye kila asubuhi.

Mchana nikasimama bandani, mama mkwe akiwa jikoni anachambua mchele, Neema mapajani. Nikapaza sauti.

"Daktari, bwana mifugo amesema mkate utakuua. Meno yako yanataka nyasi. Tutaupunguza kidogo kidogo, usikasirike."

Ungo ukawekwa chini.

Kisha nikamsikia. "Neema, mwambie baba yako bibi hakujua. Na mwambie bibi alisikia ule ugomvi na jirani, akaogopa kusema."

Neema akanyonya kidole.

Tangu siku hiyo tukawa tunapitishia maneno kwa mtoto na sungura. Kipande cha mkate kikapungua hadi ukubwa wa ukucha, kisha hakuna. Nyasi kavu tulizichanganya na matembele yaliyokatwakatwa ili zipate harufu. Kilichosaidia zaidi ni kuziweka kwenye kona anayojisaidia. Sungura hupenda kutafuna akiwa hapo, msiniulize kwa nini. Punje bado anachagua, lakini meno yanapungua.

Kwa Baba Ghati nilienda kuomba radhi. Alinitazama sana.

"Yameisha. Ila akifa kwa uzee, paja la kulia langu."

Nilichojifunza: sungura akikataa nyasi, anza kuuliza ndani kwako kabla ya kuruka ukuta. Na usimkatishe ghafla alichozoea, maana akikaa siku nzima bila kula ni hatari. Wenye sungura wachaguzi wa punje, nisaidieni hapo, nitasoma kila mchango.

La mwisho ni la jana. Nilikuta zile ndala zimeoshwa, zimeanikwa juu ya banda. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amegeukia pembeni, mtoto mgongoni.

"Neema, mwambie baba bibi alizivaa kwa sababu zinamtosha."

Nikatazama ukuta.

"Neema, mwambie bibi azivae."

Akazichukua zikiwa bado na maji, akazivaa, akaenda kukata nyasi.